Neno "Power": Kipimo Ndicho Mwamuzi

Katika siku moja ya masomo, mwanafunzi wa sekondari huweza kulikuta neno la Kiingereza "power" mara tano, na kila mara likabeba maana nyingine. Katika kipindi cha hisabati mwalimu huandika ubaoni tarakimu 2, na juu yake, upande wa kulia, tarakimu ndogo 5. Hiyo husomwa kuwa 2 kwa "power" ya 5. Katika fizikia neno lilo hilo huwa ni kazi iliyofanyika ikigawanywa kwa muda uliotumika. Katika maabara ya biolojia mwanafunzi huagizwa azungushe lenzi za hadubini mpaka afikie ile ya "high power". Katika historia husoma habari za "great powers", yaani madola makuu yaliyokutana Berlin mwaka 1884 na 1885 kujadili Afrika. Na jioni, taa zinapozimika ghafla bwenini, hakosekani wa kusema kwamba "power" imekatika.

Mtoto aliyelelewa katika Kiingereza hajifunzi maana hizi zote kwa mara moja. Huzizoea moja moja tangu utotoni. Mwanafunzi wa Tanzania, ambaye aghalabu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hukutana nazo kwa pamoja. Tena huja na neno lake mwenyewe kutoka nyumbani, nalo ni "nguvu", neno ambalo pia lina maana nyingi, lakini si zile zile za "power". Hivyo maneno mawili mapana hukutana katika kichwa kimoja, na hapo ndipo makosa mengi ya fizikia huanzia. Mwanafunzi hujibu kwa ufasaha swali ambalo hakuulizwa.

Wengi hujaribu kuondoa mkanganyiko huo kwa kukariri tafsiri moja. Njia hiyo haifiki mbali, kwa sababu tafsiri iliyofaa kipindi cha kwanza huharibu kipindi cha pili. Njia iliyo bora ni kujua jinsi neno lilivyopata maana zake, na kisha kuuliza kila mara: kitu kinachotajwa hapa hupimwa kwa kipimo gani?

ASILI YA NENO

Neno "power" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, lugha ya Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066. Kifaransa nacho kilikuwa kimelirithi kutoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya "kuweza". Hata leo neno la Kifaransa "pouvoir" ni kitenzi "kuweza", na papo hapo ni jina la mamlaka. Kwa hiyo shina la maana zote za "power" ni uwezo. Kiswahili kimepita njia ile ile, kwa kuwa kutokana na kitenzi "kuweza" kimeunda jina "uwezo".

Kutoka katika shina hilo yalichipuka matawi mengi. Uwezo wa mtawala wa kuamuru ni mamlaka, na nchi yenye uwezo huo juu ya nyingine huitwa dola. Uwezo wa fedha wa kupata bidhaa sokoni ni uwezo wa kununua. Jumla ya watu wanaoweza kufanya kazi katika nchi ni nguvukazi. Hata vifaa rahisi vya kurahisishia kazi viliitwa kwa neno hilo. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vilitaja "mechanical powers" sita, nazo ni wenzo, gurudumu na ekseli yake, kapi, mteremko, kabari na skrubu. Leo vifaa hivyo huitwa mashine rahisi, na jina lile la kale limebaki katika vitabu vikuukuu.

Matawi haya hayakudhuru mtu yeyote maadamu lugha ilitumika kwa mazungumzo ya kawaida. Tatizo lilizuka pale sayansi ilipohitaji neno lenye mipaka.

FARASI WA JAMES WATT

Mipaka hiyo katika fizikia ilianza kuwekwa kwa sababu za kibiashara. Katika karne ya 18 fundi wa Scotland, James Watt, alitengeneza injini ya mvuke iliyotumia makaa machache kuliko zile zilizoitangulia. Tangu mwaka 1775 alishirikiana na tajiri mwenye viwanda, Matthew Boulton, karibu na mji wa Birmingham. Mwaka 1776 mwandishi James Boswell alikitembelea kiwanda hicho, na Boulton akamwambia kwamba anauza kitu kinachotamaniwa na ulimwengu wote, yaani "power". Alikuwa akicheza na neno, kwani wafalme huitamani "power" ya kutawala, na wenye viwanda huitamani ya kuendesha mitambo.

Lakini mnunuzi hakutosheka na mchezo wa maneno. Alikuwa na farasi waliozungusha mashine zake, naye alitaka kujua injini moja ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Watt akakadiria kazi ya farasi na kuiweka katika tarakimu. Alisema farasi mmoja huweza kunyanyua uzito wa ratili 33,000 kwa kimo cha futi moja katika dakika moja. Hiyo ndiyo "nguvu ya farasi" inayoandikwa hadi leo kwenye injini za mashua, pampu na matrekta. Kwa vipimo vya sasa ni sawa na wati 746 hivi.

Inafaa kutazama kwa makini kilichomo ndani ya kipimo hicho. Kuna uzito, kuna kimo, na kuna muda. Uzito peke yake hautoshi, maana hata mtoto huweza kuinua ratili 33,000 akipewa kapi za kutosha na siku nzima. Jambo lililompendeza mnunuzi wa injini ni kwamba kazi hiyo humalizika katika dakika moja. Hivyo, katika fizikia, "power" ni kadiri ya kazi inayofanyika katika kila sekunde. Bila muda hakuna "power".

Mwaka 1882 mhandisi William Siemens alipendekeza kipimo kipya kiitwe wati, kwa heshima ya Watt. Mwaka 1960 wati iliingizwa katika Mfumo wa Kimataifa wa Vipimo. Wati moja ni jouli moja ya kazi katika sekunde moja.

HATA WAKUU WA SAYANSI WALICHANGANYA

Mwanafunzi anayechanganya maneno haya hana sababu ya kujiona mjinga. Mwaka 1847 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alitoa andiko mashuhuri kuhusu kanuni ambayo leo hufundishwa kuwa kanuni ya uhifadhi wa nishati. Katika jina la andiko hilo hamkuwa na neno la nishati. Alitumia neno "Kraft", ambalo leo katika fizikia ya Kijerumani ni kani. Andiko lilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1853, jina lake likawa uhifadhi wa "force".

Mwingereza Thomas Young alikuwa amekwisha kulitumia neno "energy" kwa maana ya kisayansi katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1807, lakini halikushika mara moja. Ilipofika miaka ya 1850, William Rankine na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, walilieneza neno hilo, na taratibu kani ikatengwa na nishati. Kwa hiyo dhana tatu ambazo mwanafunzi hutakiwa kuzitofautisha katika wiki chache, ziliwachukua wataalamu wa Ulaya miongo mingi. Kilichowasaidia ni vipimo. Kani ikapimwa kwa nyutoni, kazi na nishati kwa jouli, na "power" kwa wati. Mara kila dhana ilipopata kipimo chake, haikuwezekana tena kuivika jina la jirani bila kosa kuonekana.

KATIKA HISABATI NA MAABARA

Katika hisabati neno limefuata njia nyingine. Wanahisabati wa Ugiriki ya kale walitumia neno "dynamis", lenye maana ya uwezo au nguvu, kutaja namba iliyozidishwa kwa yenyewe. Diophantus wa Alexandria alilitumia hivyo katika kitabu chake cha hesabu. Neno hilo lilitafsiriwa kwa Kilatini, kisha kwa Kiingereza likawa "power". Mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyeandika kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, hakulifuata jina la Wagiriki. Namba iliyozidishwa kwa yenyewe aliiita "mal", neno lile lile ambalo katika Kiswahili ni mali. Tarakimu ndogo iliyoandikwa juu ilipata umbo lake la kawaida katika kitabu cha Mfaransa René Descartes cha mwaka 1637.

Kiswahili cha shule kina neno lake kwa jambo hili, nalo ni "kipeo". Mwanafunzi aliyejifunza shule ya msingi kwamba 2 kwa kipeo cha 5 ni 32 anaijua tayari dhana yote. Asichokijua ni kwamba Kiingereza kimeipa dhana hiyo jina la mwingine. Kipeo hakina kipimo chochote, hakina wati wala nyutoni. Ni hesabu tupu ya mara ngapi namba imezidishwa.

Katika elimu ya mwanga "power" ya lenzi ni uwezo wake wa kupinda miali ya nuru. Hupatikana kwa kugawanya 1 kwa urefu wa fokasi uliopimwa kwa meta, na kipimo chake ni diopta, kilichopendekezwa na daktari wa macho Mfaransa Ferdinand Monoyer mwaka 1872. Miwani ya kusomea iliyoandikwa +2.00 ina lenzi za diopta 2, zenye fokasi ya nusu meta. Katika hadubini, hata hivyo, "high power" ina maana ya ukuzaji mkubwa. Lenzi ya jicho inayokuza mara 10 ikiunganishwa na lenzi ya kitu inayokuza mara 40, taswira hukuzwa mara 400. Mwanafunzi anayedhani kwamba "high power" ni taa kali ya hadubini hubaki akiongeza mwanga, huku chembe anazozitafuta zikibaki ndogo kama mwanzo.

Iko pia maana ya wanatakwimu, iliyowekwa na Jerzy Neyman na Egon Pearson katika miaka ya 1930. Kwao "power" ya jaribio ni uwezekano wa jaribio hilo kugundua tofauti ambayo kweli ipo. Mtafiti wa mbegu akipanda vishamba vichache mno, mbegu bora yaweza kumpita asiitambue. Hapo pia hakuna wati. Uwezekano ni namba iliyo kati ya 0 na 1.

Lugha nyingine zimegawanya kazi hizi vingine. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bujumbura, asomaye sayansi kwa Kifaransa, hulikuta neno "puissance" katika fizikia na katika hisabati, lakini mamlaka ya kutawala huyasoma kwa neno "pouvoir". Mjerumani ana "Leistung" kwa fizikia, "Potenz" kwa hisabati na "Macht" kwa siasa. Kwa hiyo mkusanyiko wa maana hizi zote chini ya neno "power" ni ada ya Kiingereza tu. Si sheria ya maumbile.

NENO "NGUVU" NA MIPAKA YAKE

Kiswahili nacho kina ada zake. Husemwa kwamba mtu amesukuma mlango kwa nguvu. Hapo fizikia ingesema kani. Husemwa kwamba uji humtia mtoto nguvu. Hapo fizikia ingesema nishati. Husemwa kwamba injini hii ina nguvu kuliko ile, kwa kuwa hupanda mlima upesi. Hapo ndipo penye "power" ya mwanafizikia. Husemwa kwamba kamba hii ina nguvu, yaani haikatiki. Hapo ni uimara. Na sheria hutiwa nguvu, mahali ambapo fizikia haina la kusema.

Msemaji wa Kiswahili hapotei katika maneno hayo, kwa sababu muktadha humwongoza. Hupotea pale anapoingia darasani na kuhamisha neno zima, pamoja na matawi yake yote, hadi katika swali la mtihani. Akiulizwa ni mashine ipi kati ya mbili yenye "power" kubwa, huchagua ile iliyonyanyua mzigo mzito zaidi, asitazame saa. Wataalamu wa istilahi walilitambua jambo hili, ndiyo maana Kiswahili cha sayansi kimetenga "kani" kwa "force", na "nishati" kwa "energy". Mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza hapotezi wakati akiyataja maneno hayo mawili, maana humsaidia mwanafunzi kulivunja neno "nguvu" vipande vipande, na kila kipande kukiweka mahali pake.

HASARA INAYOTOKA MFUKONI

Mkanganyiko huu hauishii katika mtihani. Umeme unaonunuliwa nyumbani huhesabiwa kwa uniti, na uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Hiyo ni nishati. Wati zilizoandikwa kwenye pasi au taa ni kadiri ya nishati inayotumika kila sekunde. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa nusu saa hutumia nusu uniti. Taa ya wati 10 ikiachwa inawaka kwa saa 50 nayo hutumia nusu uniti ile ile. Anayetazama wati peke yake huiogopa pasi na kuisahau taa.

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limejengwa kuwa na mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mara kwa mara watu husema "megawati kwa siku", msemo ambao hauna maana, kama vile kusema kwamba basi limekwenda mwendo wa kilometa 80 kwa saa kwa siku. Megawati hueleza kasi ya uzalishaji. Kinachokusanyika baada ya saa nyingi huhesabiwa kwa uniti. Mitambo yote ikifanya kazi kikamilifu kwa saa moja, huzalisha uniti 2,115,000.

Hata kifaa kidogo cha kuchajia simu safarini, kiitwacho pawabenki, kimepewa jina lisilokifaa. Kilichowekwa akiba ndani yake ni nishati. Kifaa chenye betri ya volti 3.7 na ujazo wa miliampea-saa 10,000 huhifadhi wati-saa 37, yaani chini ya sehemu moja ya 25 ya uniti.

Mfano wa pampu ya shule huonyesha jambo hili vizuri. Tuseme tangi la lita 5,000 hujazwa kutoka kisima, na maji hupandishwa meta 20. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu nyutoni 10, kwa hiyo kazi inayotakiwa ni 5,000 × 10 × 20, sawa na jouli 1,000,000. Pampu inayotoa wati 500 za kazi halisi italijaza tangi kwa sekunde 2,000, au dakika 33 hivi. Pampu ya wati 250 itachukua dakika 67 hivi. Ikiwa zote mbili zina ufanisi sawa, umeme utakaolipiwa ni ule ule. Shule inayonunua pampu kubwa kwa kutumaini kwamba itapunguza malipo ya umeme imenunua upesi, haikununua unafuu.

KWA MWALIMU NA MWANAFUNZI

Jaribio lifuatalo halihitaji chombo ila mizani, kamba ya kupimia na saa. Wanafunzi hupima kimo cha ngazi za jengo, kutoka sakafu ya chini hadi ya juu. Mwanafunzi wa kilo 50 akipanda meta 4, hufanya kazi ya 50 × 10 × 4, yaani jouli 2,000. Akipanda taratibu kwa sekunde 10, "power" yake ni wati 200. Akipanda mbio kwa sekunde 4, ni wati 500. Uzito wake haukubadilika, kimo hakikubadilika, kazi haikubadilika. Muda peke yake ndio uliobadilika. Mwenye maradhi ya moyo au ya pumu asipande mbio. Apewe kazi ya kushika saa.

Baada ya jaribio, darasa laweza kukusanya sentensi kumi zenye neno "power" kutoka katika vitabu vya masomo yote na katika magazeti. Kwa kila sentensi wanafunzi hujibu maswali matatu. La kwanza, neno limetumika katika uwanja gani wa elimu? La pili, linalotajwa hupimwa kwa nini: wati, diopta, mara za ukuzaji, namba tupu, au halipimiki? La tatu, jambo hilo lingesemwaje kwa Kiswahili bila kutumia neno "nguvu"?

Swali la tatu ndilo gumu, nalo ndilo lenye faida kubwa. Atakayeweza kusema kipeo, ukuzaji, mamlaka, umeme, au kazi inayofanyika kila sekunde, atakuwa ameielewa dhana yenyewe, na neno la Kiingereza halitamtisha tena. Atakayelazimika kurudia "nguvu" katika kila sentensi bado anahitaji kusaidiwa, na mwalimu atakuwa amejua mapema mahali pa kumsaidia, kabla ya mtihani kufika.